Mlio wa kompyuta ikiwaka: yanayosemwa Kisumu na ukweli wake

Anayenunua laptopu ya mtumba Oginga Odinga Street, mjini Kisumu, huwa na masharti yake: kioo kisiwe na mistari, betri ikae na chaji, na mashine ikiwashwa ilie. Isipolia, anataka bei iteremke.

“Isiyolia ni feki au imeharibika.” Dhana hii imeota mizizi, na kuna mashine nzuri zinazokataliwa bure kwa sababu yake. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka wa 2012, ni Microsoft wenyewe waliouzima muziki wa kuwasha, na Windows 10 ikaendelea kuwaka kimya. Muziki ulirudi na Windows 11 mwaka wa 2021. Tena nakala ya wizi hulia sawasawa na halali, kwa kuwa mlio ni faili ya sauti tu. Unaweza kuurudisha kwenye Windows 10 kwa kutia tiki moja kwenye mipangilio ya sauti, na muuzaji mjanja anaweza kuitia kabla hujafika dukani. Uhalali unaangaliwa kwenye mipangilio, pale panapoonyesha kama Windows imeamilishwa.

“Ikilia, imejipima na iko salama.” Hapa vitu viwili vinachanganywa. Ile “pii” fupi ya kompyuta za mezani hutoka kwenye bodi mama kabla Windows haijaamka, na fundi huihesabu: ikijirudia kwa mpangilio fulani, labda memori ina shida. Muziki wa Windows huja baadaye na haupimi chochote. Kazi yake ni kutangaza jina. Waliosoma pakeji za kompyuta Kakamega au Nakuru enzi za Windows XP huutambua mlio wake hata wakiwa chumba cha pili, na hilo ndilo mwenye chapa analolipia. Kwa Mac, kompyuta za Apple, dhana hii ina chembe ya ukweli, maana mlio wake hutoka kabla macOS, mfumo wake wa uendeshaji, haijapakiwa.

“Ni kelele za kujazia tu.” Kwa Windows 95, Microsoft ilimwajiri Brian Eno, mwanamuziki wa Uingereza. Alipewa orodha ndefu ya sifa ambazo muziki huo ulipaswa kuwa nazo, kisha akaambiwa yote hayo yaingie ndani ya sekunde 3 na robo. Alitunga vipande 84. Kilichochaguliwa kilipita kipimo, kikawa kama sekunde 6. Na alikitengenezea, kwa maelezo yake mwenyewe, kwenye Mac! Mwaka wa 2025 kiliingizwa kwenye hifadhi ya taifa ya rekodi za sauti nchini Marekani.

Mlio wa Apple nao una kisa, na kwangu mimi ndicho kitamu zaidi. Jim Reekes, aliyeshughulikia sauti pale Apple, aliuchukia mlio wa zamani. Mac za wakati huo zilikwama mara nyingi, na kila ukiwasha upya ulikaribishwa na sauti ya kukera. Akarekodi kodi pana ya C meja, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, kwenye kinanda cha Korg, akaipenyeza ndani ya Mac iitwayo Quadra 700 ya mwaka wa 1991.

“Mlio hauna mwenyewe.” Apple iliusajili wake Marekani kama alama ya biashara mwaka wa 2012. Mwaka wa 2016 ikaunyamazisha kwenye MacBook Pro mpya, na mwaka wa 2020, ilipotoa toleo la macOS liitwalo Big Sur, ikaurudisha.