Mzee mwenye mafua "asiye na homa"

"Daktari, ni mafua tu, wala hana homa." Kipupwe hiki nimeyasikia maneno hayo hapa Chake Chake mara zisizo na idadi, na mara ya mwisho yalitoka kwa kijana aliyemleta bibi yake siku ya nne, baada ya bibi kukataa uji, kumwita mjukuu kwa jina la marehemu mumewe na hatimaye kuanguka akienda chooni. Kipimajoto kilionesha nyuzi 37.4, ilhali alikuwa akitweta hata hawezi kumaliza sentensi.

Homa huletwa na kinga ya mwili, ambayo chembe zake hutoa kemikali zinazoufanya ubongo upandishe joto. Uzeeni kemikali hizo hupungua, ubongo nao huziitikia kwa ulegevu, na joto la kawaida la mzee aghalabu huwa chini kuliko la kijana. Kwa hiyo nyuzi 37.8, au joto lililopanda kwa zaidi ya nyuzi moja juu ya kawaida yake, kwetu ni homa kamili. Kiganja juu ya paji la uso hakitambui hayo. Nunueni kipimajoto, mwandike joto la mzee angali mzima, na akiugua mhesabu pumzi zake: zikizidi 25 kwa dakika, au akianza kuchanganyikiwa, mleteni siku hiyo hiyo, kwani oseltamiviri, dawa ya kupambana na virusi vya mafua makali (influenza), hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze.

Wapo wanaodai kwamba mzee ameugua mafua mengi, hivyo kinga yake imekomaa. Ni kweli kwamba mwaka 2009, mafua ya nguruwe yalipoenea duniani, wazee wengi walisalimika kwa kuwa waliwahi kukutana na virusi vya jamii ile kabla ya 1957, lakini virusi vya mafua hubadilika daima, na tezi ya thaimasi iliyo kifuani, inayokomaza chembe T mpya za kinga, uzeeni huwa imesinyaa.

Chanjo ya sindano haiambukizi mafua, kwa sababu haina virusi hai. Wala si kweli kwamba haimfai mzee: mwitikio wake hupungua, naam, na ndiyo sababu ikatengenezwa chanjo ya dozi kubwa, yenye antijeni (vipande vya virusi vinavyoiamsha kinga) mara 4 ya ile ya kawaida, kwa wenye miaka 65 na zaidi; hata ile ya kawaida humpunguzia hatari ya kulazwa.