Je, wajua kwa nini kamera ya majini huvuja zaidi karibu na uso wa maji kuliko kilindini?

Februari 1856, Mwingereza William Thompson aliteremsha kamera yake ndani ya sanduku katika ghuba ya Weymouth, kusini mwa Uingereza, mpaka kina cha mita tano na nusu hivi. Picha aliipata, ingawa ilikuwa hafifu sana, na mpaka leo huhesabiwa kuwa ya kwanza kupigwa chini ya maji. Ila lile sanduku lilivuja na kamera ikajaa maji ya bahari. Basi tatizo la kuvuja lina umri uleule wa upigaji picha majini.

Siku hizi kamera ndogo huja na ahadi kubwa. Olympus TG-6 imeandikiwa mita 15, Nikon Coolpix W300 mita 30, na kamera nyingi za GoPro tangu toleo la HERO5 mita 10 bila kasha lolote. Hata hivyo watu bado huibuka na kamera zilizokufa, na wengi wao hawakufika hata mita mbili. Walikuwa wakiogelea tu juujuu. Inawezekanaje kifaa kilichotengenezewa mita 15 kishindwe kwenye maji ya kiunoni?

Jibu liko kwenye mpira. Mwili wa kamera ni plastiki ngumu au chuma, na maji hayana pa kupita hapo. Njia yao ni vifuniko: cha betri, cha kadi, cha waya wa kuchajia, pamoja na mashina ya vitufe. Kila penye uwazi pamewekwa mpira mwembamba. Ukifunga kifuniko, mpira hubanwa ukajaza nafasi iliyopo kati ya kifuniko na mwili. Kinga yote ni hiyo.

Sasa angalia kinachotokea unaposhuka. Baharini, kila mita 10 huongeza shinikizo la takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Mgongo wa kamera wenye urefu wa sentimita 10 na upana wa sentimita 6 husukumwa kwa nguvu ya kilo 60 hivi ukifika mita 10, mithili ya mtu mzima aliyeusimamia. Nguvu hiyo hukikandamiza kifuniko juu ya mpira, na mpira nao husukumwa ukajikaza zaidi mahali pake. Yaani maji yenyewe husaidia kufunga mlango. Juu, kwenye nusu mita ya kwanza, msaada huo haupo. Kinachoshika ni komeo dogo la plastiki peke yake. Kama kuna kasoro, hapo ndipo hujionyesha.

Na kasoro yenyewe haihitaji kuwa kubwa. Unywele mmoja uliolala juu ya mpira huuinua kidogo pande zote mbili, na kile kinafasi kinachobaki ni mfereji tosha. Chembe ya mchanga hufanya vivyo hivyo, tena huacha mkwaruzo hata baada ya kuondolewa. Mbaya zaidi, kwa maoni yangu, ni chumvi. Mtu akitoka baharini akaiacha kamera ikauke yenyewe, chumvi huganda kuwa vijiwe vigumu pembeni mwa mpira na kwenye vitufe. Safari inayofuata, kila kitufe kikibonyezwa, vijiwe vile husugua. Kamera iliyovuja leo huenda iliharibika wiki iliyopita, pale mwenyewe alipoirudisha begini bila kuiosha.

Joto nalo lina mchango ambao wengi hawaufikirii. Kamera iliyoachwa juani ikafika nyuzi 40, kisha ikatumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 20, hewa iliyomo ndani hupungua nguvu kwa asilimia 6 hivi. Ni sawa na kuongeza zaidi ya nusu mita ya kina kwa ghafla, ila safari hii kamera yenyewe ndiyo inayofyonza kutoka ndani. Na kama kifuniko kilifungwa mahali penye unyevu, mvuke ulionaswa ndani hugeuka ukungu nyuma ya kioo cha lenzi. Ukungu huo haumaanishi kwamba maji yameingia, lakini picha za siku hiyo zimeharibika. Ni vizuri kubadili betri na kadi mahali pakavu penye kivuli, kabla ya kufika ufukweni.

Vipi kuhusu zile alama za IP, zinazoeleza jinsi kifaa kinavyozuia vumbi na maji? Katika kiwango cha IEC, shirika la kimataifa la viwango vya vifaa vya umeme, IPX7 maana yake ni kuzama mita 1 kwa dakika 30. IPX8 ni zaidi ya hapo, kwa kina na muda ambao mtengenezaji mwenyewe hutaja. Majaribio hayo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, yakiwa yametulia, na kifaa kikiwa kipya. Hakuna anayeruka nacho kutoka kwenye mashua, wala mawimbi yanayokipiga ubavuni. Kwa hiyo namba iliyo kwenye boksi ni ya kweli, ila inaeleza kamera ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Mpira huzeeka: hukauka, hupoteza mnyumbuko, hubaki na umbo la kubanwa. Ndiyo maana watengenezaji kama Olympus wamekuwa wakishauri ubadilishwe kila mwaka, hata kama hauonekani kuwa na tatizo.

Hapa ndipo ninapoona kamera ndogo za sasa zimerudi nyuma. Nikonos, kamera ya majini iliyotolewa na Nikon mwaka 1963 kutokana na kamera ya Calypso ya mhandisi Jean de Wouters na mpiga mbizi maarufu Jacques Cousteau, ilikuwa na mipira ambayo mpiga picha aliitoa mwenyewe, akaisafisha, akaipaka grisi na kuirudisha. Katika kamera nyingi za leo mpira umeshikamana na kifuniko, na kuubadilisha ni lazima uipeleke kwa fundi wa kampuni. Matokeo yake, wengi hawaubadilishi kamwe.

Kwa sababu hiyo, mtu anayezamia mara kwa mara ningemshauri atumie kasha la nje. Kasha hufunguka, mpira wake huonekana wote, na unaweza kulijaribu likiwa tupu: weka karatasi laini ya kufutia ndani, lizamishe, kisha uangalie kama karatasi imelowa. Grisi ya silikoni ipakwe kidogo tu, mpira ung'ae basi. Kazi yake ni kuulainisha mpira usikwame wala kujikunja. Haizibi maji, na ikizidi hunasa mchanga. Tumia ile iliyopendekezwa na mtengenezaji, kwani grisi isiyoendana na mpira huweza kuuvimbisha.

Baada ya kutoka baharini, iloweke kamera kwenye maji yasiyo na chumvi kabla haijakauka, vifuniko vikiwa vimefungwa, kisha uifute ndipo uifungue.

Na ikitokea umeona matone nyuma ya kioo, panda juu bila haraka ya hatari, izime, usijaribu kuiwasha tena. Toa betri na uiweke mbali, kwani betri ya lithiamu iliyoingiwa na maji ya chumvi huweza kupata moto. Kadi ya kumbukumbu isuuze kwa maji safi, iache ikauke kabisa. Mara nyingi kamera haiponi, lakini picha zilizomo kwenye kadi husomeka.