Kwa nini sekondari nyingi za pembezoni mwa Mbeya zina majina ya kata?

Ukitoka Mbeya mjini kuelekea Uyole, au ukishuka upande wa Iyunga na Iwambi, vibao vya shule za sekondari vinasomeka kama orodha ya kata. Shule za zamani hazikuitwa hivyo. Loleza ni jina la mlima, Sangu linakumbusha Usangu, na kule Iringa Mkwawa alikuwa mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe, aliyefariki 1898. Kata iliingiaje kwenye kibao?

Jibu liko kwenye tofali. Sekondari za serikali zilikuwa adimu, na nyingi zilikuwa za bweni, kama Malangali ya Mufindi iliyofunguliwa 1928. Aliyechaguliwa alifunga tranka akapanda basi, pengine kwenda mkoa mwingine kabisa. Mwaka 2004 ukaanza MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na Edward Lowassa alipokuwa Waziri Mkuu kuanzia mwisho wa 2005 akasukuma kila kata iwe na shule yake. Nchi nzima, shule takriban 1,300 za mwaka 2004 zilikuwa zimepita 4,000 kufikia 2010. Wananchi walichimba msingi, wakasomba mawe na mchanga, wakapandisha kuta. Serikali ikaongezea bati na walimu. Aliyebeba mzigo ni kata, basi na jina likawa lake.

Bati lilifika. Walimu ndio waliosuasua. Waliopikwa harakaharaka kuziba pengo waliitwa "vodafasta", jina lililoazimwa kwenye huduma ya kuongeza salio la simu chapchap, na shule zenyewe zikabandikwa "Kayumba", jina la kejeli la shule za umma. Utani mchungu, lakini haukutoka hewani: matokeo ya kwanza ya kidato cha nne ya 2012 yaliwapa sifuri zaidi ya nusu ya watahiniwa, kisha yakafutwa na kupangwa upya. Kosa halikuwa la watoto. Ukuta haufundishi.

Maisha ya humo ni ya kutwa, kwa hiyo siku huanzia njiani. Juni na Julai baridi ya Mbeya si ya mchezo: sweta, ukungu, viatu vilivyolowa umande, na kiranja getini anayesubiri wachelewaji. Kidato cha kwanza huripoti na fagio na jembe kama anavyoripoti na madaftari. Ada ya kutwa, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ilifutwa Januari 2016. Mchango wa makande ni habari nyingine, huamuliwa kwenye kikao cha wazazi, na vikao hivyo huwa virefu.

Kigumu zaidi kuliko baridi ni lugha, maana sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Usanisinuru aliouelewa vizuri shule ya msingi unageuka ghafla kuwa photosynthesis, na mtoto aliyekuwa hodari wa kunyoosha mkono anainamia daftari. Kengele ya mapumziko ikilia tu, Kiswahili kinarudi uwanjani kwa kelele zote, na kule karibu na bomba la maji utasikia Kisafwa, lugha ya wenyeji wa Mbeya, pia.