Hulda alipoulizwa, Yeremia alikuwepo

Nikifundisha semina za wazee wa kanisa huku Kilimanjaro juu ya wanawake kuwa wachungaji, habari za Debora, mwanamke aliyekuwa nabii na mwamuzi wa Israeli, huwa zinapokelewa na jibu lile lile. Mzee mmoja wa usharika wa njia ya Marangu alilisema kwa upole, Biblia yake ikiwa wazi magotini: "Mchungaji, Debora tunamkubali. Ila wakati ule wanaume walikuwa wamelala, ndiyo Mungu akamtumia mama." Wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Silidharau jibu hili, maana wanaolitoa wanaipenda Biblia. Kanisa letu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), liliamua mwaka 1990 kwamba wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, nami ni mmoja wao. Lakini kanisa kuamua ni jambo moja, na mshirika kuridhika moyoni ni jambo jingine. Mtu anayeamini kwamba mchungaji wake amesimama madhabahuni kwa kuwa tu wanaume walipungua atamvumilia. Kumsikiliza hatamsikiliza.

Kwa Debora mwenyewe, someni Waamuzi 4 polepole. Mstari wa 4 na wa 5 unamkuta tayari ni nabii, tayari ni mwamuzi, ameketi chini ya mtende wake kati ya Rama na Betheli, na Waisraeli wanamwendea awaamue. Baraka, aliyeongoza jeshi, anaingia mstari wa 6, na anayemwita ni Debora. Tena huyo Baraka tunayemlaumu kuwa mwoga, Waebrania 11:32 inamtaja pamoja na Gideoni na Daudi kati ya watu wa imani.

Ila anayelimaliza kabisa jibu la wazee ni nabii mwanamke Hulda, na inaniuma kwamba hatumhubiri. Fungua 2 Wafalme 22. Ni mwaka wa 18 wa mfalme Yosia, hekalu linatengenezwa, na kuhani mkuu Hilkia anakuta kitabu cha torati. Shafani mwandishi anakisoma mbele ya mfalme, naye mfalme anararua mavazi yake. Kisha anawatuma watu wakamwulize Bwana juu ya maneno ya kitabu hicho: Hilkia, Ahikamu, Akbori, Shafani na Asaya. Wote watano wanakwenda kwa Hulda, mke wa Shalumu mtunza mavazi, aliyekaa palepale Yerusalemu.

Hapo huwa nawaomba wazee wafungue Yeremia 1:2. Kurasa zinapekuliwa, wenye miwani wanawasomea wasio nayo. Neno la Bwana lilimjia Yeremia mwaka wa 13 wa Yosia. Mzee wangu wa Marangu aliandika hesabu nyuma ya bahasha yake ya ahadi, 18 kutoa 13, akaitazama, kisha akampitishia jirani yake. Yeremia alikuwa ameshaitwa miaka mitano kabla. Sefania naye, kwa ushuhuda wa kitabu chake 1:1, alitabiri siku za Yosia huyo huyo. Wanaume walikuwepo, tena manabii ambao vitabu vyao tunavisoma mpaka leo. Bado ujumbe wa mfalme ulikwenda kwa Hulda.

Na angalieni aliyesimama mbele yake. Ni kuhani mkuu, mtu aliyekishika kitabu kile kwa mikono yake, anangoja mama huyu amwambie kama maneno ya kitabu hicho yatatimia. Hulda haombi radhi wala hajitetei. Anasema kwa jina la Bwana, Mungu wa Israeli, na mwanzoni hamwiti Yosia mfalme. Ni "mtu" aliyewatuma. Anatangaza hukumu juu ya Yerusalemu na rehema kwa Yosia aliyejinyenyekeza. Wanalipeleka neno hilo kwa mfalme, na sura ya 23 inaeleza alivyosafisha hekalu na kufanya pasaka ambayo haijafanyika mfano wake tangu siku za waamuzi.

Swali linalofuata ni 1 Timotheo 2:12, ambapo Paulo anasema hampi mwanamke ruhusa ya kufundisha. Mstari huo siuruki. Nauliza kwanza Timotheo, aliyeandikiwa barua hiyo, alikuwa wapi. Sura ya 1:3 inajibu: Efeso, awakataze watu fulani wasifundishe elimu nyingine. Sasa nendeni Matendo 18. Katika Efeso hiyo hiyo, Prisila na mumewe Akila wanamchukua Apolo, msomi wa Aleksandria aliye hodari katika Maandiko, wanamfafanulia njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Aliyewafikisha Efeso ni Paulo mwenyewe. Katika Warumi 16:3 anamwita Prisila mtenda kazi pamoja naye, na katika 2 Timotheo 4:19 bado anamsalimu. Kama katazo lingekuwa la kila mwanamke wa kila mahali, Prisila ndiye angekuwa wa kwanza kukemewa. Naamini Paulo alikuwa anatibu ugonjwa wa kanisa lililoingiliwa na mafundisho ya uongo, na mstari wa 11 unaanza na agizo: mwanamke na ajifunze.

1 Wakorintho 14, inayosema wanawake wanyamaze katika kanisa, ni rahisi kuielewa. Sura hiyo inamnyamazisha pia anenaye kwa lugha pasipo mfasiri, na nabii ambaye mwenzake amefunuliwa neno. Ni utaratibu wa ibada, kwa maana sura ya 11:5 imeshasema wanawake wanasali na kuhutubu.

Wapo watakaosema Hulda alikuwa nabii tu, hakuwa kuhani. Ni kweli, makuhani walikuwa wanaume wa uzao wa Haruni. Basi tukikishika kipimo hicho tukishike chote: hakuna Mchagga wala Mmeru, mume wala mke, ambaye angekaribia madhabahu. Na Waebrania 7:14 inatukumbusha kwamba Bwana wetu mwenyewe alitoka Yuda, kabila ambalo Musa hakulinenea lolote juu ya ukuhani.