Tarehe kwenye programu: dhana potofu na ukweli

"Kompyuta itajua yenyewe siku ni ipi na mwezi ni upi."
Haijui. Mteja wa Dar es Salaam akijaza 03/04/2024 anamaanisha tarehe tatu Aprili. Lugha ya programu ya JavaScript ukiipa `new Date("03/04/2024")` itasoma Machi 4, kwa desturi ya Marekani, na haitakuonya. Ikifika 25/04/2024 ndipo inagoma, maana hakuna mwezi wa 25. Kwa hiyo data ya siku 12 za mwanzo za kila mwezi inapita, na karibu yote ikiwa imeharibika.

Python, lugha nyingine, ni afadhali, kwa sababu `strptime`, amri yake ya kusoma tarehe, inadai uitajie mpangilio: `"%d/%m/%Y"`. Lakini angalia herufi. `%M` ni dakika, si mwezi. Ukiandika `"%d/%M/%Y"`, tarehe ile ile inakuwa Januari 3, saa sita na dakika nne usiku, bila kosa lolote kuonekana.

"Nikitumia tarehe tupu, isiyo na saa, mambo ya saa za dunia hayanihusu."
Hapa ndipo wengi wa Afrika Mashariki wanapoumia. `new Date(2024, 3, 3)` ni Aprili 3 (miezi inahesabiwa kuanzia sifuri, usiniulize kwa nini), saa sita usiku ya hapa kwetu. Iite `toISOString()`, inayoiandika kwa UTC (saa ya kimataifa), upate `2024-04-02T21:00:00.000Z`. Tuko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo siku imerudi nyuma. Ukikata herufi kumi za mwanzo na kuzihifadhi, umembadilishia mtu tarehe ya kuzaliwa. Seva iliyowekwa UTC haitaonyesha kasoro hiyo. Itajitokeza kwenye simu ya mteja Nairobi.

Kama unachotaka ni kugeuza 2024-04-03 kuwa 03/04/2024 tu, usipitie `Date` hata kidogo: `s.split("-").reverse().join("/")`, ambapo `s` ni tarehe yenyewe kama maandishi.

"Tarakimu mbili za mwaka zinatosha."
Kwa `%y`, alama ya mwaka wa tarakimu mbili, Python inasoma 69 kuwa 1969, na 68 kuwa 2068. Mstaafu aliyezaliwa mwaka 65 atakuwa bado hajazaliwa.

"YYYY na yyyy ni kitu kimoja."
Kwenye `SimpleDateFormat`, zana ya lugha ya Java ya kuandika tarehe, `yyyy` ni mwaka wa kalenda, lakini `YYYY` ni mwaka wa wiki, yaani mwaka ambao wiki ya tarehe hiyo inahesabiwa. Desemba 31, 2024 inaangukia wiki ya kwanza ya mwaka unaofuata, hivyo `dd/MM/YYYY` itachapisha 31/12/2025. Jaribio la mwezi Juni halitaligundua. Jaribu kwa tarehe za mwisho wa Desemba.