Springi ngumu, gari la juu: dhana potofu kuhusu springi na shokapu za gari la porini

Mtu akinunua gari la kwenda porini, hamu ya kwanza ni kuliona limesimama juu. Namwelewa, na mimi nilianzia hapohapo. Nilifunga nyuma springi za kubeba kilo 300 za ziada muda wote, kwenye gari ambalo siku nyingi lilinibeba mimi na tairi la spea. Likiegeshwa lilipendeza. Likitembea, nyuma ilirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, na kwenye kona ya kokoto tairi zilikuwa zinagusa ardhi kwa zamu. Springi hazikuwa mbovu. Nilikuwa nimefikiria urefu kabla ya uzito, na karibu dhana zote zilizo hapa chini zinaanzia kwenye kosa hilo.

"Gari limelala nyuma, shokapu zimekufa."

Kinachobeba gari ni springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya kuvuka shimo. Kwa hiyo gari likilala, angalia springi kwanza: imelegea, imevunjika, au imepewa mzigo usio wake. Shokapu yenye gesi husukuma juu kidogo, lakini msukumo huo si wa kubebea mzigo.

Chukua futi, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, gari likiwa tupu, kisha likiwa limepakiwa kama siku ya safari. Usipime kutoka ardhini, upepo wa tairi utakudanganya. Namba hizo nane zina maana kuliko kukandamiza bampa kwa mikono na kuhesabu gari limeruka mara ngapi. Jaribio lile hukamata shokapu iliyokufa kabisa. Iliyochoka nusu hupita bila shida, kwa sababu mikono haiwezi kuisukuma kwa kasi ya barabara mbaya, wala kuipasha moto.

Na moto ndio habari yenyewe. Ndani ya shokapu kuna pistoni inayolazimisha mafuta kupita kwenye vitundu vidogo. Mtikisiko wa springi unageuka kuwa joto, na joto hilo linatokea kwenye ganda. Sasa pita kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati la mgongo: pistoni inapanda na kushuka bila kupumzika. Mafuta yanapata moto yanakuwa mepesi, yakichanganyika na hewa yanafanya povu, na povu halizuii kitu. Saa ya kwanza gari limetulia, saa ya pili linaogelea, na dereva anailaumu barabara. Ukisimama, sogeza kiganja karibu na shokapu bila kuigusa. Utaelewa.

Hapo ndipo inapoanguka ile kauli ya "za gesi ni ngumu, za mafuta ni laini". Shokapu ya gesi nayo ina mafuta. Nitrojeni imewekwa ili kuyabana yasitoe povu. Ugumu unaamuliwa na vali, yaani vile vitundu vya pistoni na jinsi vinavyofunguka. Bomba nene, mafuta mengi, au chombo cha pembeni cha kuhifadhia mafuta, vyote vinanunua muda kabla ya joto kushinda. Lakini mtu wa kilomita 20 za vumbi mwishoni mwa wiki, kile chombo cha pembeni kwake ni pambo. Afadhali apunguze upepo wa tairi na mwendo akiingia kwenye vumbi, kisha ajaze tena kabla ya lami. Tairi nalo ni springi, na hili ulishalilipia.

"Nikiinua gari sentimita 10, nitapata sentimita 10 zaidi chini."

Chini ya nini? Kama ekseli ni ya kipande kimoja, difu (lile bonge la gia kwenye ekseli) inabaki palepale ilipokuwa, na jiwe litaigonga vilevile. Kinachoinua difu ni tairi kubwa, tena kwa nusu ya nyongeza tu: tairi lenye kipenyo kilichozidi sentimita 5 linakupa sentimita 2.5. Kuinua kunasaidia chasisi, kunaongeza pembe ya bampa unapoanza kupanda, na kunatoa nafasi ya tairi kubwa kuzunguka. Ni faida za kweli, ila wengi hufikiria nyingine.

Kwenye gari ambalo kila gurudumu la mbele linajitegemea, difu imefungwa kwenye chasisi, hivyo inapanda kweli. Bei yake inalipwa na jointi za CV, viungo vya shafti zinazozungusha magurudumu, ambazo sasa zinazunguka zikiwa zimepinda zaidi, na mipira inayozifunika hupasuka mapema. Ndiyo maana wengi huishia kwenye sentimita 5. Ukizidi hapo, orodha inaanza: mipira ya breki kuwa mifupi, kasta (mlalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hukatia kona) kupungua hadi usukani unatangatanga, taa kumulika macho ya wanaokuja. Na kitovu cha uzito kimepanda. Kwenye mteremko wa ubavu utalihisi hilo tumboni kabla hujaliona.

Kuna kitu kimoja kinasahaulika sana. Pikapu nyingi zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa kifito. Nyuma ikikaa chini, vali inajua kuna mzigo, inaongeza nguvu ya breki. Ukiinua nyuma bila kurekebisha kifito, vali inaamini gari ni tupu hata ukiwa umejaza hadi juu.

"Springi nzito zinaongeza uwezo wa kubeba." Zinaongeza uwezo wa kutolala, basi. Uzito wa juu alioruhusu mtengenezaji unahusu pia ekseli, breki, chasisi na tairi, na hivyo hukuvibadilisha. Mifuko ya hewa inayowekwa kati ya chasisi na ekseli ndiyo inayodanganya zaidi. Springi ya bapa, ile ya vyuma virefu vilivyopangwa, inagawa mzigo kwenye ncha zake mbili. Mfuko unausukuma mahali pamoja, katikati. Pakia kupita kiasi nyuma ya ekseli, pita kwenye mashimo kwa kasi, na chasisi inaweza kupinda nyuma ya kibanda cha dereva, huku kwa nje gari likionekana limesimama vizuri.

Vipande vya kuinulia juu ya springi havibadilishi ugumu wala uchovu wake. Springi iliyochoka inabaki imechoka, ila juu zaidi.

Kabla ya kununua chochote, peleka gari kwenye mizani likiwa na maji, mafuta, watu na mizigo, upate uzito wa kila ekseli. Lita 100 za maji ni kilo 100, na bampa ya chuma na winchi havitoki hata ukiwa mjini. Siku ya kufunga, simama karibu na fundi. Bolti za bushi za mpira, zile pete zilizo kwenye viungo vya springi na mikono yake, zikazwe mwisho kabisa, gari likiwa limekalia tairi zake. Zikikazwa magurudumu yananing'inia, gari likishushwa kila bushi inabaki imejipinda, na itachanika mapema.