Chumvi ya hewani si ya pwani peke yake
Kampala utasikia watu wakisema: chumvi ya hewani ni shida ya Mombasa, huko ndiko inakokula mabati, Uganda haina bahari. Ni imani ya zamani, na si kweli. Kloridi, ile sehemu ya chumvi yenye klorini, hutoka pia kwenye moshi wa nyasi na kuni, hata bomba la PVC linaloungua jalalani. Usiku, gesi za oksidi za nitrojeni zitokanazo na moshi wa magari hukutana na chembe za hewani zenye kloridi na unyevu, ikatokea gesi ya nitrili kloridi. Jua likichomoza huivunja. Atomi za klorini zinazotoka humo huchochea kutokea kwa gesi ya ozoni ya karibu na ardhi, inayowasha koo (si ile ya juu inayotukinga). Utafiti uliochapishwa 2010 uliikuta gesi hiyo Boulder, Marekani, kilomita 1,400 kutoka pwani.